Pikapu iliyokaa nyuma: uchambuzi wa kisa kimoja cha kuvuta tela

Kisa hiki ni cha pikapu ya kabini mbili iliyokuwa ikivuta tela la mizigo lenye ekseli mbili, lililozibwa pande zote. Mwenye gari alikuwa na malalamiko manne. Tela likishafungwa, nyuma ya gari inakaa chini na pua inatazama juu. Usukani unakuwa mwepesi, na kwenye kona yenye maji gari linachelewa kutii. Kwenye matuta nyuma inagota mpaka mlio unasikika ndani ya kabini. Na usiku, madereva wanaotoka upande wa pili wanamwashia taa kali mfululizo, ilhali yeye anatumia taa za chini.

Alikuwa amekwisha kupewa ushauri wa aina mbili. Fundi mmoja alimwambia aongeze jani moja kwenye kila springi ya nyuma. Mwingine alimwambia afunge mifuko ya hewa kati ya ekseli na chesisi. Alichotaka kwangu ni nimchagulie kimojawapo. Nilimwomba asinunue chochote mpaka tujue kilo ngapi zimekaa wapi. Nyuma kushuka ni dalili tu. Madhara yenyewe yako mbele, kwenye ekseli ya usukani, na huko watu wachache sana ndiko wanakotazama. Dawa yoyote inayoinua nyuma bila kuirudishia mbele uzito wake inalifanya gari lipendeze kwa macho, huku hatari ikibaki palepale.

Namba zote hapa chini nimezizungusha ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

Kilo zilikuwa wapi

Tulianza na uzito wa shingo, yaani uzito ambao shingo ya tela, kile chuma chake cha mbele, inaukandamiza kwenye gololi ya kuvutia, tufe la chuma lililo nyuma ya gari ambalo tela hufungwa. Kwa tela la kawaida linalofungwa kwenye gololi nyuma ya pikapu, kipimo kinachofaa ni kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Tela hili likiwa na mzigo wake lilikuwa na kilo 2,000, kwa hiyo shingo ilipaswa kuwa kati ya kilo 200 na 300. Tulipoipima, ikatoa kilo 380. Hiyo ni asilimia 19.

Kipimo hicho hakihitaji vifaa vya ajabu. Mizani ya kupimia watu inatosha, mradi usiikalishie shingo moja kwa moja ikavunjika. Chukua boriti imara na uilaze juu ya vishikizo viwili: upande mmoja gogo au tofali, upande mwingine mizani. Shingo ikae juu ya boriti mahali ambapo umbali wake hadi mizani ni mara mbili ya umbali wake hadi tofali. Hapo mizani inabeba theluthi moja tu ya uzito, hivyo unachokisoma unazidisha kwa tatu. Yetu ilisoma karibu kilo 127. Magurudumu ya tela yawekewe vigingi, tela liwe sawasawa na ardhi, na mzigo wote uwe ndani kama siku ya safari. Anayepima tela tupu kisha akapakia anakuwa amepima tela lingine kabisa.

Baadaye pikapu ilipelekwa kwenye mizani ya magari na kupimwa ekseli moja moja, kwanza bila tela, kisha tela likiwa limefungwa. Ndani walikuwa watu wanne, jumla kilo 300. Kwenye bodi la nyuma kulikuwa na kilo 250 za zana na madumu, na juu yake kifuniko cha chuma cha kilo 90. Gari lenyewe, tangi likiwa limejaa mafuta, lilikuwa na kilo 1,950, na kibandiko cha mtengenezaji kiliruhusu jumla ya kilo 2,850. Nafasi halali ya mzigo ilikuwa basi kilo 900.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Uzito wa shingo ni mzigo wa gari kama vile abiria walivyo mzigo wa gari. Wanasoma kwamba gari lao linaweza kuvuta tani mbili na nusu, wanafunga tela la tani mbili, wanaona wamebakiza nafasi kubwa. Lakini kilo 380 za shingo, 300 za watu, 250 za bodi na 90 za kifuniko zinafika kilo 1,020. Gari lilikuwa limezidishiwa kilo 120, na hakuna mtu aliyekuwa amevunja kikomo cha kuvuta.

Ekseli ya nyuma ilisoma kilo 1,866, na kikomo chake ni 1,750. Matairi ya nyuma yalikuwa na namba ya mzigo 104 ubavuni, maana yake kilo 900 kwa kila tairi, yaani 1,800 kwa yote mawili. Matairi nayo yalikuwa yamepita uwezo wake. Tairi la namna hiyo halitoi onyo la mapema. Linapata joto polepole, mwendo ukizidi na lami ikiwa ya moto linapasuka.

Kwa nini kilo 380 zilikuwa zaidi ya kilo 380

Ekseli ya nyuma haikuongezewa kilo 380 na tela. Iliongezewa 527. Sababu ni kwamba gololi haiko juu ya ekseli, iko nyuma yake. Kwenye gari hili umbali kati ya ekseli mbili ulikuwa mita 3.1, na gololi ilikuwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gari zima linageuka kuwa kama ubao wa bembea ambao egemeo lake ni ekseli ya nyuma: unachokikandamiza nyuma ya egemeo kinainua upande wa mbele. Zidisha 380 kwa 1.2, gawanya kwa 3.1, unapata kilo 147. Hizo ndizo zilizoondoka kwenye magurudumu ya mbele na kuhamia nyuma, juu ya zile 380.

Bila tela, ekseli ya mbele ilikuwa na kilo 1,251. Tela likifungwa, 1,104. Karibu asilimia 12 ya uzito unaoyafanya magurudumu ya mbele yaishike barabara ilikuwa imepotea, na hayo ndiyo magurudumu yanayogeuza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Usukani mwepesi aliokuwa akiusema mwenye gari haukuwa na uhusiano wowote na pampu ya usukani, ingawa alikuwa ameshaanza kufikiria kuibadilisha.

Taa nazo zinaeleweka kwa hesabu hiyohiyo. Tulipima kwa tepu kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi, katikati ya kila gurudumu. Tela lilipofungwa, nyuma ilishuka milimita 65 na mbele ikapanda 20. Jumla ni milimita 85 katika urefu wa mita 3.1, sawa na mwinuko wa asilimia 2.7. Taa za chini kwa kawaida hupangwa zielekee chini kidogo, takriban asilimia 1, yaani sentimita 10 kwa kila mita 10. Ondoa hiyo moja, bado mwanga unapanda sentimita 17 kwa kila mita 10. Kwa umbali wa mita 50 umepanda zaidi ya sentimita 80 juu ya usawa wa taa yenyewe, na hapo unayapata macho ya dereva wa gari dogo. Waliokuwa wakimwashia taa walikuwa na haki. Alikuwa akiwapofusha bila kujua, na upofu wa sekunde mbili kwenye barabara nyembamba unatosha kuua. Hilo peke yake lingetosha kulisimamisha gari lisiendelee na safari za usiku.

Tela pia liliumia. Gololi ilikuwa imeshuka karibu sentimita 10, kwa sababu iko nyuma zaidi ya ekseli na inashuka kuliko ekseli yenyewe. Tela likawa limeinamisha pua, na matairi ya ekseli yake ya kwanza yalikuwa yanalika haraka kuliko ya pili.

Springi tulizikagua kwa kuwa ni lazima kuzikagua: majani yote mazima, bushi hazijalika, yubolti zimekaza, na gari likiwa tupu pande zote mbili zina kimo kimoja. Shokapu hazikuvuja. Na hata zingekuwa mbovu, si shokapu zinazobeba uzito. Kazi yake ni kutuliza mdundo.

Kupanga mzigo upya kabla ya kugusa spana

Tulifungua tela. Mbele kabisa, karibu na shingo, kulikuwa na jenereta ya kilo 150, na pembeni yake tangi la maji la lita 100 lililojaa, yaani kilo 100. Vitu vizito kuliko vyote vilikuwa vimewekwa pale ambapo mlango wa pembeni unafunguka, kwa sababu ndipo paliporahisisha kupakia.

Umbali kutoka katikati ya ekseli za tela hadi gololi ulikuwa mita 3.8. Jenereta tuliirudisha nyuma mita 2, ikakaa karibu juu ya ekseli, ikafungwa kwa mikanda kwenye vyuma vya sakafu. Zidisha 150 kwa 2, gawanya kwa 3.8: kilo 79 ziliondoka shingoni. Tangi lilikuwa mita 1.8 mbele ya ekseli, na kwa kuwa safari nyingi hazikuhitaji maji hayo, tulilimwaga. Kilo 47 nyingine zikaondoka. Shingo ikabaki na kilo 254, na tela sasa lina kilo 1,900.

Msaidizi wa mwenye gari alipoona hivyo akapendekeza jenereta isukumwe mpaka nyuma kabisa ya tela, ili nyuma ya pikapu ipande zaidi. Namwelewa, kwa sababu matokeo yake yanaonekana papo hapo: gari linanyooka. Lakini hilo ni jambo la kukataa kwa nguvu zote. Shingo ikiwa nyepesi mno, chini ya asilimia 10, tela linaanza kuyumba kulia na kushoto mwendo unapoongezeka, na kila myumbo unaweza kuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Upepo wa lori linalokupita au mteremko mrefu unatosha kuuanzisha. Kinachofuata ni tela kulibeba gari na kulipindua. Hata usawa ukiwa mzuri, si vyema kuweka kitu kizito mbele kabisa na kingine nyuma kabisa ili vikamilishane, maana uzito uliokaa ncha mbili ni mgumu kuuzuia ukishaanza kuzunguka. Uzito ukae katikati, chini, juu ya ekseli, ukielemea mbele kidogo.

Kisha bodi la pikapu. Kati ya kilo 250, kilo 50 zilikuwa vitu ambavyo havikuwa na sababu ya kuwemo. Nyingine 80 zilihamia kwenye sakafu ya tela juu ya ekseli. Zilizobaki, 120, zilisukumwa zikagusane na ukuta wa kabini, mbele ya ekseli ya nyuma. Tela likawa na kilo 1,980 na shingo 254, karibu asilimia 13. Mzigo wa pikapu ukashuka hadi kilo 764, chini ya zile 900. Ekseli ya nyuma ikasoma 1,542 badala ya 1,866.

Kilo zaidi ya 320 ziliondoka kwenye ekseli ya nyuma bila kununua hata bolti moja. Angefunga mifuko ya hewa siku ileile aliyoshauriwa, gari lingesimama sawasawa, na uzito wote uliozidi ungebaki umejificha ndani ya gari linaloonekana salama. Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu ushauri wa haraka wa namna ile.

Kurudisha uzito mbele

Baada ya hayo yote, ekseli ya mbele bado ilikuwa inapoteza kilo 98 tela linapofungwa. Hapa ndipo kifaa kinapostahili: kiungo cha kugawa uzito. Ni kiungo chenye vyuma viwili virefu vya springi vinavyotoka chini ya gololi na kwenda nyuma kando ya shingo ya tela, ambako vinavutwa juu kwa minyororo au kukalishwa juu ya mabano. Vyuma hivyo vikishapindwa vinajaribu kunyooka, na kwa kufanya hivyo vinaipindisha nyuma ya gari kwenda juu. Sehemu ya uzito inarudi kwenye ekseli ya mbele ya gari, na sehemu nyingine inakwenda kwenye ekseli za tela.

Kabla ya kukinunua, mambo mawili hayana mjadala. Kitabu cha gari kiwe kinakiruhusu, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji wanakikataza au wanaweka masharti, na chuma cha kuvutia kilichofungwa kwenye chesisi kiwe kimetengenezwa kustahimili mpindo huo. Tela nalo liulizwe hivyohivyo: baadhi ya breki za tela zinazofanya kazi kwa kusukumwa shingo hazipatani na vyuma vya aina hii, na shingo nyembamba inaweza kupinda. Kwenye kisa hiki pande zote mbili ziliruhusu.

Kukipima ni kazi ya tepu. Pima madigadi ya mbele gari likiwa na mzigo wake lakini bila tela. Funga tela bila kukaza vyuma, pima tena. Hapa mbele ilipanda milimita 14. Kaza vyuma, pima mara ya tatu. Watengenezaji wengi wanataka angalau nusu ya kimo kilichopanda irudi, wengine zaidi, na kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Sisi tulilenga nusu: mbele ikabaki juu kwa milimita 7. Kwenye mizani, ekseli ya mbele ilirudishiwa kilo 49 ikafika 1,221, ekseli za tela zikachukua kama 30, na ekseli ya nyuma ya pikapu ikashuka hadi 1,463.

Mwenye gari alitaka tukaze zaidi, kwa sababu nyuma bado ilikuwa chini kwa milimita 33 kuliko bila tela. Sikukubali. Pikapu nyingi zikiwa tupu nyuma iko juu kuliko mbele kwa makusudi, ili zikipakiwa zikae sawasawa. Kushuka kidogo ndiyo kazi ya springi. Ukikaza mpaka nyuma ipande kabisa, magurudumu ya nyuma yanakosa uzito wa kushika barabara, na kwenye kona yenye utelezi nyuma ndiyo itakayotangulia kutoka. Huo ni ugonjwa mbaya kuliko ule wa kwanza. Na kwenye njia yenye mabonde makali, pale ambapo gari na tela vinakunjana, vyuma vilegezwe kwanza, la sivyo vinaweza kuvunja mabano au kupinda shingo.

Je, mifuko ya hewa na jani la ziada havina kazi? Vina kazi yake. Mtu anayebeba mzigo halali kwenye bodi kila siku, na springi zake ni laini mno kiasi kwamba zinagota, anaweza kunufaika navyo. Lakini havirudishi hata kilo moja kwenye ekseli ya mbele kwa kiwango kinachofaa kutajwa, kwa sababu gololi bado iko palepale na uzito wake ni uleule. Havipandishi kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji. Na mifuko ya hewa ina jambo moja la ziada: springi ya majani inaukabidhi mzigo kwa chesisi katika sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, lakini mfuko unaukabidhi katika sehemu moja katikati. Shingo nzito ikidunda nyuma kwenye barabara mbovu, chesisi inapindika kwa kulizunguka eneo hilo. Pikapu za kabini mbili zilizopinda mgongo hivyo zimeonekana sana Australia, ambako watu huvuta matela mazito ya kulala kwa safari ndefu za vumbi. Jani la ziada, kwa upande wake, linabaki pale hata gari likiwa tupu, na gari tupu lenye springi ngumu linarukaruka na kupoteza mshiko.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Chuma kinachoshika gololi kilibadilishwa kwa kingine kilichoinuka sentimita 5, tela likakaa sawasawa na ardhi. Matairi ya nyuma yalijazwa upepo kwa kipimo cha gari lenye mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, yakiwa ya baridi. Taa bado zilihitaji kushushwa, kwani mwinuko wa asilimia 1.3 uliosalia ulitosha kuumeza ule mwelekeo wa chini wote. Gari hili lina kiteuzi cha kushusha taa karibu na usukani, ambacho mwenyewe hakuwahi kukigusa. Sasa anakizungusha kila anapofunga tela.

Liko suala la tangi, maana zipo safari atakazohitaji maji. Tulifanya hesabu kabla hajaondoka: likijazwa, shingo inapanda hadi kilo 301, tela linafika 2,080, ambayo ni asilimia 14.5, na mzigo wa pikapu unakuwa kilo 811. Vyote viko ndani ya vikomo, ila vyuma vya kiungo vitahitaji kukazwa upya kwa tepu siku hiyo, na bodi halitakuwa na nafasi ya kuongezwa kitu kizito zaidi ya kilo 80 hivi. Namba hizo aliziandika kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa tela, karibu na bomba la kujazia maji.